Rangi ya Fedha Iondoke Maabarani?

Hoja: Maabara za patholojia za Mombasa ziache kutumia rangi ya fedha kutafuta kaswende katika tishu, na badala yake zitumie kingamwili. Wasemaji wanatajwa kwa kazi na nafasi zao.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Naunga mkono hoja, na naanza na ngozi. Mgonjwa amekuja na vipele kifuani na viganjani, daktari wa ngozi amemkata kinyama kidogo, kimeletwa kwangu. Nikikitia rangi ya Warthin-Starry, fedha itashika spirokiti, yaani bakteria aliyejisokota, ya kaswende, lakini itashika na melanini pia. Seli zinazotengeneza melanini zina vitawi vyembamba vilivyopindapinda, vinavyopenya baina ya seli za tabaka la juu la ngozi, na hapo ndipo kaswende hupenda kujificha. Kwa mgonjwa wa Likoni au Kisauni nakuta uwanja mzima umejaa weusi, nami natakiwa niseme kiuzi kipi ni bakteria na kipi ni weusi aliozaliwa nao. Jibu hilo linakwenda kuingia ndani ya ndoa ya mtu. Sitaki kulitia saini.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Kingamwili zako nazo kwa kawaida huonyeshwa kwa rangi ya kahawia, Daktari, na melanini ni ya kahawia vilevile.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Tunachagua rangi nyekundu badala ya kahawia. Hapo hapana shida.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Basi kwa ngozi nakuachia. Lakini hoja haikutaja ngozi, imetaja tishu. Kondo la nyuma halina melanini ya kukusumbua. Kamba ya kitovu haina, ini la mtoto aliyezaliwa mfu halina. Na huko ndiko maabara yetu inakohitajika zaidi, kwa sababu mtoto mfu hawezi kutuonyesha kipele wala kutuambia anaumwa wapi.

Tukumbuke tunatafuta kitu gani. Treponema pallidum ana urefu wa mikromita 6 hadi 15, lakini unene wake haufiki hata 0.2. Hadubini ya kawaida ya mwanga inakomea hapohapo. Rangi ya Gram haimwonyeshi. Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walipomwona mara ya kwanza kule Berlin, Machi 1905, walimwona katika majimaji mabichi ya kidonda, akijizungusha, hafifu kabisa. Mwaka uleule Constantin Levaditi, huko Paris, akachukua njia ya fedha ambayo Ramón y Cajal aliitumia kuonyesha nyuzi za neva, akaigeuza kwa ajili ya kaswende. Mwaka 1920 Warthin na Starry wa Michigan wakaifupisha ikawezekana kufanywa juu ya kipande kimoja cha tishu. Fedha inamshika bakteria, haidrokwinoni inaigeuza ikawa chembe za madini, chembe zinamrundikia mwili mzima, na aliyekuwa mwembamba hata haonekani anakuwa mnene na mweusi, kama uzi wa buibui uliopatwa na masizi ya jikoni. Nitrati ya fedha, haidrokwinoni, jelatini, asidi kidogo, beseni la maji moto. Vitu hivyo vinapatikana, na chupa yangu ya nitrati ikikaa gizani inadumu. Kingamwili zako zinaagizwa ng'ambo, zinataka friji isiyozimika, na zina tarehe ya mwisho. Kesi za kuomba kipimo hicho ni chache. Chupa itafikia tarehe yake kabla hatujafika nusu.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Mwalimu, umeeleza siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Eleza na siku nyingine. Vyombo vyote vioshwe kwa asidi. Koleo la chuma lisiguse myeyusho. Asidi ikae kati ya pH 3.6 na 4.0. Ukifika wakati wa kukuza rangi unasimama na kutazama, slaidi ikigeuka njano ya dhahabu unaitoa; ukichelewa kidogo imekuwa nyeusi yote, ukiwahi bakteria hajatokea. Na maji ya kisiwa hiki tunayajua. Visima vya Mji wa Kale vina chumvi, na hata maji ya mfereji hatuna hakika nayo. Kloraidi ikikutana na fedha inafanya ukungu mweupe, na ukungu huo ukipigwa na mwanga unageuka kuwa vumbi jeusi juu ya slaidi. Nimeziona slaidi hizo. Nyuzi za retikulini nazo zinashika fedha. Mtu aliyechoka, saa kumi jioni, anaweza kuona spirokiti popote anapotaka kuziona.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Ndiyo maana kuna maji yaliyotoneshwa, na ndiyo maana kila mkupuo unakwenda na slaidi ya kulinganishia ambayo tunajua ina bakteria. Ile ikitoka safi, nyingine zinasomeka. Ikiharibika, mkupuo wote unatupwa. Hiyo ni kazi ya mikono, nami siionei haya. Na kuhusu macho, mwaka 1913 watu walikuwa bado wanabishana kama wazimu wa kupooza ni kaswende au ni ugonjwa mwingine. Hideyo Noguchi na Moore wakachukua bongo za waliokufa kwa wazimu huo, wakazitia fedha, wakazikuta spirokiti ndani ya tishu yenyewe. Ubishi ukaisha. Kuna jibu ambalo damu peke yake haiwezi kutoa.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Noguchi huyohuyo alikwenda Ecuador mwaka 1918, akatangaza kwamba homa ya manjano inaletwa na spirokiti aliyoiona kwa macho yake. Haikuwa kweli. Homa ya manjano ni virusi. Ilimuua mwenyewe Accra mwaka 1928, akiwa bado anaitafuta. Unaniletea shahidi aliyeona sawasawa mara moja, na mara ya pili akaona kitu kisichokuwa chenyewe. Hatari ya fedha ni hiyo hasa: inakuonyesha umbo, haikuambii jina.

MKUNGA: Samahanini, nimewasikiliza kwa adabu. Hivi mnajua mnabishania nini? Mnabishania mtoto aliyekwisha kufa. Mimi kliniki yangu ya wajawazito inajaa kabla ya saa mbili asubuhi, kina mama wamekaa hadi nje. Kipimo cha haraka cha kidole, kile kinachopima ukimwi na kaswende kwa pamoja, kinanipa jibu ndani ya dakika ishirini. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa wajawazito mwaka 2019. Sindano ya benzathine penicillin, uniti milioni 2.4, iko pale kabatini. Huko Mwanza walifanya utafiti, ukachapishwa mwaka 2002: katika wanawake waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, robo walizaa mfu. Waliopimwa wakachomwa sindano moja tu, mimba zao ziliishia sawa na za wenzao wasio na ugonjwa. Sindano moja! Sasa niambieni: shilingi inayonunua fedha au kingamwili, kwa nini isinunue vipimo vyangu na dawa yangu? Kati ya mwaka 2014 na 2016 dawa hiyo iliadimika dunia nzima. Siku ile kabati likiwa tupu, slaidi yenu nzuri ingenisaidia nini?

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Sista, hakuna anayesema slaidi ichukue nafasi ya sindano.

MKUNGA: Hamsemi, lakini bajeti inasema. Mapema miaka ya 1990 kule Nairobi damu za wajawazito zilikuwa zinapelekwa maabara kuu, majibu yakirudi mama hayupo. Wakaamua kazi ya RPR, kipimo cha damu cha kaswende, ipewe wauguzi palepale zahanati, mama atibiwe kabla hajatoka mlangoni, na mumewe aitwe. Ndipo matibabu yakawafikia. Somo nililolipata ni kwamba kipimo kikivuka barabara tu, tunampoteza mama. Nyinyi mnataka kukivusha hadi kwenye nta na hadubini.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Sista, nikuulize. Mama amekuja kwako, kipimo cha haraka kinasema anayo. Mwaka juzi alikuwa nayo, ukamchoma, akapona. Leo amezaa mfu. Kipimo chako kinasemaje?

MKUNGA: Kinasema anayo.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Na kitasema hivyo mpaka azikwe. Kipimo kile kinatambua kumbukumbu ya ugonjwa ndani ya damu, na kumbukumbu haifutiki kwa sindano. Basi mtoto huyu ameuawa na kaswende, au na kitu kingine?

MKUNGA: Nitampima RPR. Ikiwa juu, ugonjwa ni mpya.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Na ikiwa chini lakini haijaisha?

MKUNGA: Hapo sijui.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Hapo ndipo kamba ya kitovu inapozungumza. Kaswende ya mimba inaiunguza kamba, mishipa yake inazungukwa na mistari ya rangi inayoonekana hata kwa macho. Kondo linakuwa kubwa na zito kupita kawaida, vidole vyake vimevimba na kujaa seli. Ukikata kamba ile ukaitia fedha, bakteria wanaonekana wamelala kwenye ukuta wa mshipa. Kwa mtoto aliyekaa tumboni siku kadhaa baada ya kufa, mwili umelainika na seli zake hazisomeki vizuri kwa rangi nyingine, ini lake linaweza kuwa limejaa spirokiti nyeusi hata usizihesabu. Nisingekuwa nimeyaona hayo nisingekaa hapa kubishana.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Na kama mama alichomwa wiki chache kabla ya kuzaa, bakteria wamekwisha kutoweka, slaidi yako safi. Utamwambia hakuwa na kaswende?

FUNDI WA HISTOLOJIA: Nitamwambia sikuwaona. Kusema hawakuwepo ni neno jingine, na sitalisema.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Wewe utasema hivyo. Fomu inasema "hakuna". Daktari wa wodi anasoma fomu.

MZEE WA MTAA: Wanangu, nimengoja mnitaje hamkunitaja. Mnasema kondo, mnasema kamba ya kitovu, mnasema ini la mtoto. Vitu hivyo si vya maabara. Kwetu Mji wa Kale zalio linazikwa. Mtoto aliyefikisha miezi minne tumboni, akitoka mfu anaoshwa, anakafiniwa, anazikwa, na hatungoji kesho. Baba anapokuja kuuchukua mwili saa tisa za alasiri, kaburi limeshachimbwa. Sasa nani kati yenu amemwambia baba huyo kwamba ini la mwanawe limebaki kwenye chupa?

FUNDI WA HISTOLOJIA: Sheria inataka ridhaa, Mzee.

MZEE WA MTAA: Nimekuuliza wewe. Ile slaidi yako ya kulinganishia, unayosema inakwenda na kila mkupuo, nyama yake imetoka wapi?

FUNDI WA HISTOLOJIA: Ni kipande cha nta cha zamani. Nilikirithi kwa aliyenifundisha.

MZEE WA MTAA: Ndani ya nta mna nini?

FUNDI WA HISTOLOJIA: Ini la mtoto aliyezaliwa mfu. Zamani hizo hakuna aliyeuliza wazazi.

MZEE WA MTAA: Basi mtoto wa mtu amekuwa kifaa cha kazi miaka yote hiyo, mnamkata vipande vyembamba kila mkienda kutia rangi, na mamake, kama yu hai, hajui. Sikutukani, mwanangu. Nakwambia ili ujue kwa nini watu wa mtaa wakisikia neno patholojia wanafunga mlango.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Mzee amesema neno zito, na sitaki lipite kwa kuwa linaniuma na mimi pia. Kingamwili nazo zinataka kipande cha kulinganishia. Hata tukibadilisha njia, swali lake linabaki.

MKUNGA: Ila kondo si mwili wa mtoto, Mzee. Kipande kidogo, kama ukucha, na kamba kidogo. Zalio lililobaki linarudishwa na linazikwa kama desturi. Mwili wa mtoto hauguswi. Hilo ukiwaeleza kina mama kabla ya kuzaa, baadhi watakubali. Mimi ningewauliza.

MZEE WA MTAA: Ukiwauliza kabla, hilo ni jambo jingine.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Turudi kwenye umbo na jina, kwa sababu sijamaliza. Kosa la kutoa jina kwa kuona umbo tu lina historia katika nchi zetu. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika kwamba Uganda imevamiwa na janga la kaswende, akidai kwamba sehemu kubwa ya watu wa Buganda wameambukizwa. Wanawake wakapimwa kwa nguvu ya serikali, mila zikalaumiwa, hata hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kama mahali pa kutibia magonjwa ya zinaa. Nusu karne baadaye, mwaka 1956, J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa huko Kampala, akaipitia upya habari hiyo. Sehemu kubwa ya vile vidonda ingeweza kuwa ya ugonjwa wa zamani wa utotoni, ndugu wa kaswende usioambukizwa kwa zinaa, na buba nayo imo. Taifa zima liliitwa la wazinzi kwa vidonda ambavyo pengine mtoto alivipata akicheza na wenzake. Spirokiti ya buba ukiitia fedha, Mwalimu, inatofautianaje na ya kaswende?

FUNDI WA HISTOLOJIA: Haitofautiani.

MZEE WA MTAA: Buba nimeiona. Wazee wetu walikuwa na makovu yake miguuni, na walikuwa watu wacha Mungu. Angekuja mtu na hadubini akawaita wagonjwa wa zinaa, wangekufa kwa fedheha.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Naomba nijibu, kwa sababu Daktari ameuliza swali ambalo linamrudia yeye. Kingamwili zako, Daktari, zinatofautisha buba na kaswende?

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Hazitofautishi.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Na spirokiti zisizo na hatia zinazoishi utumbo mpana, zinazikwepa?

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Baadhi ya kingamwili zinazishika nazo. Katika kipande cha utumbo ni lazima kujihadhari.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Basi Lambkin hakukosea kwa sababu ya fedha. Yeye hata hakutumia fedha, alitazama vidonda. Umetaja kosa la kukosa ushahidi ukalibebesha ushahidi.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Nakubali kwamba buba haitutenganishi. Lakini kuna homa ya papasi, na hiyo ni ya ukanda wetu. Dutton alikufa nayo Kongo mwaka 1905 akiwa anaichunguza, na mwaka huohuo Robert Koch alikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani akipasua papasi na kuwakuta bakteria hadi ndani ya mayai yao. Bakteria yule ni spirokiti, anapita kwenye kondo, anaua vichanga. Mama ametoka bara, amelala nyumba ya udongo yenye papasi, amefika Mombasa akazaa mfu. Slaidi yako ya fedha inaonyesha uzi mweusi uliosokoteka. Ukiandika kaswende, umemfukuzisha nyumbani kwa sababu ya papasi.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Huyo wa papasi ni mnene zaidi, na misokoto yake ni mipana na haina mpangilio. Wa kaswende amejisokota kwa kubana, sawasawa mwanzo hadi mwisho.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Akiwa mzima. Kisu cha mikrotomu kinamkata. Unabakiwa na kipande chenye misokoto miwili. Utaapa?

FUNDI WA HISTOLOJIA: Siapi. Nitaomba tone la damu ya mama litiwe rangi ya Giemsa kama tunavyotafuta malaria. Wa papasi huonekana kwa Giemsa wakati wa homa, wa kaswende haonekani katika damu. Wala sijawahi kusema slaidi isomwe peke yake. Lakini wewe unataka kifaa kinachojibu swali moja tu ulilokiuliza. Mwaka 1979, Perth, Australia, Robin Warren alitia Warthin-Starry kwenye nyama ya tumbo akaona bakteria wengi mahali ambapo madaktari waliamini hakiishi kitu. Hakukuwa na kingamwili ya kuwatafuta, kwa kuwa hakuna aliyejua wapo. Yeye na Barry Marshall walipewa Nobel mwaka 2005. Mimi naogopa maabara ya pwani ambayo itaona tu yale yaliyokwisha kuonekana Ulaya, kwa sababu chupa zake zote zimetengenezwa huko kwa maswali ya huko.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Hilo limenigusa, sikatai. Lakini nipe mtu. Wewe unastaafu karibuni. Katika mafundi vijana, ni nani anayeweza kusimama mbele ya beseni lile akajua sekunde ya kuitoa slaidi? Njia isiyokuwa na mrithi hatuwezi kuiandikia mwongozo. Kingamwili inafuata utaratibu ulioandikwa, fundi wa mwaka wa kwanza anaufuata, na jibu la Mombasa linaweza kulinganishwa na la Nairobi. Na tafiti za ngozi zilizoweka njia hizi mbili pamoja zimeonyesha mara kwa mara kwamba kingamwili zinawaona bakteria katika vipande ambavyo fedha imewakosa.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Nipe vijana wawili na miezi michache. Sikuwahi kunyimwa nitrati, nilinyimwa wanafunzi.

MKUNGA: Na mimi naomba kitu ambacho hamjakigusa. Nina mama aliyepimwa miezi mitatu ya mimba, hakuwa na kitu. Hakupimwa tena. Amezaa mfu. Mji huu ni wa bandari. Watu wanakuja na kwenda.

MZEE WA MTAA: Usiwatwike mabaharia kila kitu, binti yangu. Kilindini imetulisha.

MKUNGA: Siwatwiki, Mzee. Mwaka 1924 mataifa yalitia saini mkataba Brussels kwamba baharia atibiwe magonjwa haya bure katika kila bandari, kwa hiyo hata wakubwa walijua kwamba bandari ina mzigo wake. Hapa Ganjoni, tangu mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Washington wamefuatilia afya ya wanawake wa mji huu wanaoishi kwa kuuza miili, na wanawake wale wametufundisha mengi kwa kukubali kupimwa tena na tena. Ila mke wa mtu aliyetulia nyumbani anapimwa mara moja, basi. Kwa huyo nauliza: nani kati yenu wawili atanipa jibu kabla hajatoka wodini?

FUNDI WA HISTOLOJIA: Kondo linataka fomalini siku nzima au zaidi. Halafu nta usiku kucha, kukata, kutia rangi. Siku ya nne, mambo yakienda vizuri.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Kingamwili vivyo hivyo. Siku ya nne.

MKUNGA: Mama anaondoka siku ya pili. Kwangu mmefungana. Nitampima damu tena palepale kitandani, nitamchoma akihitaji, nitamwita mumewe. Slaidi yenu ikija siku ya nne inafanya nini?

MZEE WA MTAA: Inakwenda kwa mavyaa. Mwanamke akizaa mfu mara ya pili, nyumbani huulizwa amefanya nini. Husuda, jini, kachezea mume dawa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, nimeona ndoa ikivunjwa na hakuna aliyejua kilichomuua mtoto. Akija na karatasi inayosema ugonjwa ni huu na dawa yake hii, wapo watakaonyamaza. Lakini na mimi naogopa karatasi hiyo, kwa sababu jina lililoandikwa pale linanuka zinaa, na wa kwanza kunyooshewa kidole si mume.

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Ndiyo sababu nataka njia yenye uhakika zaidi. Mwenye kuumia nikikosea si mimi.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Andika ulichokiona. "Spirokiti zimeonekana katika ukuta wa mshipa wa kamba ya kitovu; zisomwe pamoja na damu ya mama." Hakuna jina la ugonjwa juu ya karatasi mpaka damu iseme.

MKUNGA: Na bahasha iandikwe jina la mama, isiandikwe la mume wala la mavyaa.

MZEE WA MTAA: Mume akiuliza?

MKUNGA: Atakaribishwa apimwe naye, siku hiyohiyo.

MZEE WA MTAA: Akikataa?

MKUNGA: Wakikataa, na wapo wanaokataa, namtibu mama peke yake na namwambia ukweli kwamba anaweza kuambukizwa tena. Sina jibu bora zaidi ya hilo.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Daktari, hoja iko mezani bado. Kesho ukipewa fungu la kununua kingamwili, chupa ya nitrati utaitupa?

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Kwa ngozi, naitupa. Kwa kondo, nataka kwanza slaidi mia moja za hapa kwetu, kila kesi itiwe rangi zote mbili, asomaye asijue jibu la mwenzake, kisha tuyaweke majibu pamoja na damu za kina mama. Fedha ikishindwa, utanipa funguo za kabati lako mwenyewe.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Ikishinda?

DAKTARI WA PATHOLOJIA: Nitaombea vijana wako wawili kwa maandishi.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Nianze kukata lini?

MKUNGA: Hamwanzi na kukata. Mnaanza na fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili, nisomewe mimi kwanza kama inaeleweka. Na mama aulizwe kliniki, mimba ikiwa changa. Asiulizwe akiwa na uchungu, wala baada ya kuambiwa mtoto amekufa.

MZEE WA MTAA: Na iwe na mahali pa kuandika hapana. Na kile kipande cha nta cha zamani, nileteeni. Nitawaambia pa kukizika.

FUNDI WA HISTOLOJIA: Nikikitoa hicho, Mzee, sina cha kulinganishia hata kimoja.

MZEE WA MTAA: Najua.